Kosa la Mtoto ni Ufa, Tusilipake Rangi

Nazungumza na walimu wenzangu mlioko Bukoba mjini, Kashozi, Kamachumu, Nshamba na Rubya, na ninyi mnaofundisha visiwani Bumbire, Goziba na Ikuza. Najua baadhi yenu mnanisikiliza huku mmelundika madaftari mezani, kalamu nyekundu mkononi. Leo nataka tuzungumze juu ya kalamu hiyo, na juu ya kile kinachoifuata katika shule zetu nyingi, yaani fimbo.

Niruhusuni nianze na tetemeko. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ya Bukoba ilitikisika. Aliyekuwepo hahitaji kukumbushwa. Tulizika ndugu zetu, nyumba zilianguka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa. Wiki zilizofuata kila mwenye nyumba alizunguka kuta zake akitafuta nyufa. Mimi nilikuwa na ufa mwembamba chumbani, nikaita fundi aje aupige ripu tumalize. Fundi yule hakugusa mwiko. Alipitisha ukucha juu ya ufa, akaufuata taratibu kutoka dirishani hadi chini sakafuni, akachuchumaa pale, akaniambia: "Mwalimu, ukiufunika leo, kesho hutajua kama unakua. Acha kwanza tujue umeanzia wapi."

Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi yule alinionyesha kwamba kabla ya kuziba kuna kazi nyingine, nayo ni kuusoma ufa. Tangu siku ile, kila nikifungua daftari la mtoto na kukuta kosa, naukumbuka ukucha wake.

Sasa niwasimulie jambo lililonipata miaka mingi kabla ya tetemeko. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule moja wilayani Muleba. Siku moja niliandika ubaoni: 52 kutoa 27. Jibu ni 25. Niliposahihisha, watoto 14 walikuwa wameandika 35. Niliwasimamisha mbele, nikasema huu ni uzembe, nikampa kila mmoja fimbo mbili. Kesho yake nikarudia hesabu ile ile, na karibu wote wakapata 25. Nikaridhika. Nilijiambia kwamba dawa imeingia.

Juma lililofuata nikaandika 61 kutoa 28. Jibu ni 33. Wale wale wakaandika 47.

Jumapili yake nilikwenda gulioni. Pale penye mkeka wa wauza kahawa ya kutafuna nilimkuta mmoja wa wale 14, mtoto wa miaka kama kumi, anauza badala ya bibi yake. Vifurushi vya jani la mgomba, kila kimoja shilingi 50. Nikachukua 7, nikampa noti ya elfu moja. Hakuwa na kalamu wala karatasi. Aliweka sarafu ya hamsini kiganjani mwangu, akasema, "Mia nne." Akaweka sarafu ya mia, akasema, "Mia tano." Akaweka noti ya mia tano, akasema, "Elfu moja, mwalimu." Akanishukuru kwa mikono miwili na kumgeukia mteja mwingine.

Nilibaki nimesimama na shilingi zangu 650. Mtoto niliyemchapa kwa kushindwa kutoa 27 kwenye 52 alikuwa ametoa 350 kwenye 1,000 kwa muda ambao mimi mwenyewe nilikuwa bado nafikiri.

Jumatatu nilimwita, nikafungua daftari lake, nikamuuliza, "Hapa ulifikaje kwenye 35?" Hakujibu. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu wa kulia. Nikamwita tena Jumanne, akanyamaza. Jumatano, alipoona kweli sina fimbo, akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, mbili haitoshi kutoa saba. Na wewe ulituambia ndogo ndiyo hutolewa kwenye kubwa. Nikatoa mbili kwenye saba, nikapata tano. Halafu mbili kwenye tano, nikapata tatu."

Nilikuwa nimewaambia hivyo kweli. Mwanzoni mwa mwaka, kwa kutaka kurahisisha mambo, nilisema mbele ya darasa zima: "Siku zote ndogo hutolewa kwenye kubwa." Watoto 14 waliniamini, wakatii, na nikawachapa kwa kutii. Ufa ulianzia kwenye msingi, na msingi niliumwaga mimi.

Ndugu zangu, fimbo zile zilikuwa ripu. Ziliufunika ufa kwa siku moja, maana watoto waliogopa wakanakili 25 kutoka kwa jirani. Walijifunza kuficha, ila kutoa hawakujifunza. Na mimi mwalimu nilipoteza kitu ambacho hakuna kitabu cha kiada kingenipa, yaani habari za kweli kuhusu kilichomo kichwani mwa mtoto. Mtoto anayeogopa haulizi. Asiyeuliza hatujui amekwama wapi. Tunafika mwisho wa muhula tukidhani tumefundisha.

Mambo haya hayako Muleba peke yake. Mwaka wa 1985 watafiti watatu wa Brazil, Carraher na wenzake, walichapisha kazi yao kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mitaani katika mji wa Recife. Waliponunua kwao na kusubiri chenji, watoto walipata karibu hesabu zote, asilimia 98. Hesabu za aina hiyo hiyo zilipoandikwa kama za shule, namba tupu bila bidhaa, walipata asilimia 37 tu. Akili ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni daraja la kuivusha kutoka sokoni hadi daftarini, na kulijenga daraja hilo ndiyo kazi yetu sisi walimu.

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi. Mkoa wetu wa Kagera una sababu zake wenyewe za kulitazama upya suala la fimbo.

Mnakumbuka Februari 2009. Mkuu wa Wilaya ya Bukoba wa wakati ule, baada ya matokeo mabaya ya darasa la saba, aliagiza walimu 19 wa shule tatu za msingi wachapwe viboko, na askari polisi akawachapa. Nchi nzima ilishtuka. Chama cha Walimu kilikuja juu, na Rais Jakaya Kikwete akatengua uteuzi wa mkuu huyo. Wakati ule sikumsikia mwalimu yeyote akisema, "Sasa watafundisha vizuri zaidi." Sote tulijua, bila kuambiwa na mtaalamu, kwamba mtu aliyechapwa mbele ya wenzake haondoki pale na maarifa mapya. Anaondoka na aibu, hasira na hamu ya kuwa mbali. Walimu wale walikuwa na matatizo yao ya kweli kazini, na fimbo haikugusa hata moja.

Miaka tisa baadaye, Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano katika shule moja ya msingi ndani ya Manispaa ya Bukoba alituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Alichapwa, akafariki. Kesi ilifika Mahakama Kuu hapa Bukoba. Jina lake sitalitaja, kwa heshima ya wazazi wake. Ninachoomba ni kwamba tuyaweke matukio haya mawili pamoja. Lile tulilolikataa kwa sauti kubwa lilipotupata sisi watu wazima, tuliliacha liendelee kwa watoto wetu. Na mtoto hana chama cha kumpigania, wala rais hatengui uteuzi wa mtu kwa sababu ya alama za fimbo kwenye vidole vya mtoto wa darasa la pili.

Sheria yetu bado inaruhusu kiboko shuleni, lakini sikilizeni inaruhusu nini. Kanuni za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinasema adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa ya utovu wa nidhamu, aitoe mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, visizidi viboko vinne, na iandikwe kitabuni. Kukosa hesabu hakumo humo. Kuandika vibaya imla hakumo. Kuchelewa kwa sababu ulitumwa maji mtoni hakumo. Kwa maneno mengine, fimbo nyingi zinazopigwa madarasani kila asubuhi, zikiwamo zile mbili zangu mara 14, ziko nje ya kanuni zenyewe. Na majirani zetu wamekwenda mbele: Kenya iliondoa kiboko shuleni mwaka 2001, na Uganda, hapo ng'ambo ya Mutukula, ilikipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2016.

Najua kuna mzee ananisikiliza na kutikisa kichwa. Anasema fimbo ndiyo mila yetu, ndiyo iliyotulea. Mzee wangu, kwa heshima yote, neno lenyewe linatueleza. Kiboko ni mnyama wa ziwani, na mjeledi ulipewa jina hilo kwa sababu ulikatwa kwenye ngozi yake. Wajerumani, ambao boma lao hapa Bukoba lilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890, waliufanya mjeledi huo kuwa chombo cha serikali. Bibi na babu zetu waliijua adhabu ya hamsa ishirini, viboko 25, kwa vibarua na wasiolipa kodi. Fimbo kama chombo cha mamlaka tuliikuta katika utawala huo, na shule ikairithi.

Mzee atanijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Naikubali methali hiyo kwa moyo wote, na naomba tuwaulize wavuvi wa Muleba inavyofanyika. Anayemkunja samaki kabla ya kumbanika humshika kwa mikono miwili, polepole, akifuata mgongo wake. Akimkunja kwa nguvu, anapasuka, na hapo hana tena samaki wa kuuza. Methali inahimiza kuanza mapema, na kuanza mapema huendana na kwenda taratibu.

Na Wahaya tuna usemi wetu: Omwana taba womoi, mtoto hawi wa mtu mmoja. Mara nyingi tumeutumia kumpa kila mtu mzima ruhusa ya kumchapa mtoto wa jirani. Mimi nausikia kwa namna nyingine. Kama mtoto ni wetu sote, basi akiumizwa darasani sote tuna la kujibu: mwalimu aliyeshika fimbo, mwalimu mkuu aliyenyamaza, na mzazi aliyefika shuleni siku ya kwanza akasema, "Mwalimu, mimi nakuachia, wewe mchape tu."

Kama kuna anayedhani bila fimbo watu hawasomi, historia ya mkoa huu inamjibu. Kati ya mwaka 1968 na 1972, tulipoitwa bado Mkoa wa Ziwa Magharibi, tulikuwa ndani ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulioendeshwa kanda hii ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO. Watu wazima walijifunza kusoma kwa kuanzia kwenye kazi zao za kila siku. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa yakaenea nchi nzima, chini ya miembe, makanisani na kwenye maghala. Mwaka 1967 watu wazima 67 kati ya kila 100 walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu rasmi, hawakufika 10. Mama zetu walikaa kwenye madarasa yale na watoto mgongoni. Walikosea, wakafuta, wakaandika tena. Nani angethubutu kumchapa mama wa watu kwa sababu ameandika herufi kinyume?

Sasa mwalimu mwenzangu, najua swali lako. Unasema: hayo mazuri, lakini mimi nina watoto 80 darasani, madawati hayatoshi, na tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 wanaongezeka tu. Nitafanya nini saa mbili asubuhi? Swali ni halali, na nitalijibu kwa mambo ambayo nimeyajaribu.

La kwanza ni swali lenyewe: "Umefikaje hapa?" Huwezi kuwauliza wote 80 kwa siku. Uliza watatu. Chagua madaftari matatu yenye kosa linalofanana, maana kosa linalorudiwa na wengi lina sababu moja. Waite wakati wa mapumziko, weka fimbo mbali wasiione, uliza, kisha sikiliza.

La pili nililiita "kosa letu la leo." Chukua kosa moja, liandike ubaoni bila jina la mtu, na uliambie darasa: "Aliyefanya hivi alikuwa na sababu. Nani anaweza kuigundua?" Mara ya kwanza watanyamaza. Mara ya tatu utaona mikono. Na yule mwenye kosa, aliyekuwa amejikunyata, siku moja atanyanyuka mwenyewe na kusema ni lake.

La tatu ni vitu vya kushika. Kwa ile 52 kutoa 27, kata vijiti, vifunge kumi kumi kwa kamba ya mgomba. Mtoto apange mafungu matano na vijiti viwili. Mwambie atoe 27. Atatoa mafungu mawili bila taabu, kisha atafika kwenye saba na kukuta ana vijiti viwili tu. Usimwambie kitu. Atageuza geuza fungu mkononi, atakutazama, kisha atavuta kamba na kulifungua. Pale kamba inapofunguka ndipo anapoelewa maana ya kukopa kwenye makumi, ambayo mimi niliimba ubaoni mwaka mzima bila mafanikio. Na yule wa gulioni mwache kwanza apande kama anavyorudisha chenji: kutoka 27 hadi 30 ni 3, kutoka 30 hadi 52 ni 22, jumla 25. Njia yake ni sahihi. Iandikeni ubaoni kwa heshima, kisha mwonyeshe na ile ya kitabuni.

La nne ni lugha. Watoto wetu wengi, hasa vijijini, huja darasa la kwanza wakiwa wanaota kwa Kihaya. Kihaya hakina sauti za dh, th na gh. Mtoto akiandika "zahabu," "samani" na "gali," ameandika kwa uaminifu kile lilichosikia sikio lake. Masikio yake ni mazima. Anachohitaji ni kuonyeshwa ulimi ukae wapi, atamke, acheke na wenzake, atamke tena. Na swali likiwa gumu, waache dakika mbili wazungumze wawili wawili, hata kwa Kihaya, kabla ya kunyoosha mkono na kujibu kwa Kiswahili.

Nidhamu je? Ipo, na ni lazima iwepo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, hilo silipingi. Lakini adhabu ifanane na kosa. Aliyechana kitabu akae akigundishe. Aliyemtukana mwenzake amwombe radhi mbele ya waliosikia. Aliyechelewa siku tatu mfululizo, mtafute mzazi wake kabla ya kutafuta fimbo, maana huenda unamwadhibu mtoto anayemlea bibi mgonjwa. Na sheria za darasa tungeni pamoja nao mwezi wa kwanza. Watoto huheshimu sana mkataba waliouandika wenyewe.

Haya yanakuja wakati mwafaka. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024, kwa kuanzia elimu ya awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza, na inataka mtoto aoneshe umahiri, afanye kwa mikono na kwa akili yake. Umahiri haupatikani bila kujaribu, na anayejaribu hukosea. Ukimfundisha umahiri huku umeshika fimbo, unamwambia mtoto aogelee huku umemfunga mikono. Tena tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu wa shule moja hukutana na kujadili ufundishaji wao. Nawaomba walimu wakuu jambo dogo: mkutano ujao kila mwalimu aje na daftari moja lenye kosa lisiloeleweka. Wekeni mezani, mlifuatilie pamoja kama yule fundi, kutoka dirishani hadi kwenye msingi. Na wathibiti ubora wa shule mkipita, msiulize tu wangapi wamefaulu. Ombeni kuonyeshwa kosa moja ambalo mwalimu amelielewa mwezi huu.

Wazazi, ninyi nawaachia kazi ya jioni ya leo. Mtoto akirudi na alama ya kosa, msimuulize, "Mbona umekosa?" Swali hilo lina fimbo ndani yake. Mwambieni akae karibu, afungue ukurasa, awaelezee alivyofanya. Hata kama hamkusoma, mtasikia anapokwama, kwa sababu sauti yake itabadilika.

Nawe mwalimu, kesho asubuhi chagua madaftari yako matatu. Mwite wa kwanza, kaa naye kwenye dawati moja, mabega yenu yalingane. Weka kidole chini ya kosa lake, umuulize kwa upole: umefikaje hapa? Halafu nyamaza. Inawezekana asijibu siku ya kwanza, wala ya pili. Wangu alinichukua siku tatu. Msubiri.